Chanjo za Mbwa na Paka Tangu Utotoni Hadi Uzeeni: Mwongozo kwa Wafugaji wa Dodoma

Mfugaji wa mbwa au paka wa Dodoma, awe anaishi Ilazo ndani ya ukuta wa matofali au Hombolo ambako mbwa hushinda machungani na ng'ombe, kwa kawaida hukosea mahali pamoja: humchanja mnyama mara moja akiwa mdogo, kisha akahesabu kwamba deni limelipwa. Chanjo haiendi hivyo. Ni ratiba inayoanza mnyama akiwa na umri wa wiki sita hadi nane na kuendelea maisha yake yote, na ndani ya ratiba hiyo zipo sindano ambazo ukiziruka, zile ulizokwisha kuzilipia huenda zikawa kama hazikuchomwa. Maelezo yanayofuata yanakwenda kwa mpangilio wa umri, yakianza na siku unayomleta mnyama nyumbani.

Hatua ya kwanza: Isome kadi kabla hujamlipa muuzaji

Miaka kadhaa iliyopita niliuziwa mtoto wa mbwa aliyekuja na kadi yenye mihuri mitatu. Nilifurahi kwa kuwa niliamini nimeokoa gharama. Baadaye, mbwa alipokwisha kuanza kuharisha damu, ndipo nilipoitazama kadi ile kwa utulivu na kuona kwamba sindano zote tatu zimeandikwa kwa wino mmoja na mkono mmoja, na kwamba tarehe ya sindano ya kwanza ilitangulia tarehe ya kuzaliwa kwa siku tisa. Mbwa alikufa siku ya nne.

Kadi ya kuaminika huonyesha tarehe ya kila sindano, jina la chanjo, jina na sahihi ya aliyechanja, na tarehe ya kurudi. Zaidi ya yote, huwa na kipande kidogo cha lebo kilichobanduliwa kwenye kichupa na kubandikwa mbele ya tarehe, chenye namba ya toleo na mwisho wa matumizi. Muhuri huchongwa na fundi yeyote mjini, lakini lebo ya kichupa haipatikani bila kichupa. Kama kadi haina lebo hata moja na muuzaji hawezi kukutajia daktari aliyechanja, mhesabu mnyama huyo kuwa hajachanjwa na uanze upya, kwa sababu kurudia chanjo kwa mnyama mwenye afya hakuna madhara ya maana, ilhali kuikosa kunaua.

Mtafute daktari mapema, kabla ya kumtafuta mnyama. Madaktari wa wanyama nchini husajiliwa na Baraza la Veterinari chini ya Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, na si utovu wa adabu kumwuliza mtu kama amesajiliwa. Anayeishi mbali na kliniki aanze na afisa mifugo wa kata, ambaye ndiye anayejua kampeni ya chanjo itapita lini na chanjo ipi inapatikana wilayani.

Hatua ya pili: Toa minyoo kwanza

Mtoto wa mbwa huzaliwa au hunyonya akiwa tayari na minyoo kutoka kwa mama yake. Mpe dawa akiwa na wiki mbili, urudie kila baada ya wiki mbili hadi afikishe wiki nane, kisha kila mwezi hadi miezi sita, na baada ya hapo kila baada ya miezi mitatu. Watoto wa paka huanza wakiwa na wiki tatu hivi. Dozi hupimwa kwa uzito, kwa hiyo mpime. Kumkisia kwa macho ndiko kunakosababisha wengi wapewe pungufu. Mnyama aliyedhoofishwa na minyoo hujibu chanjo vibaya, na hiyo ndiyo sababu hatua hii inatangulia.

Hatua ya tatu: Chanjo ya mchanganyiko kwa mtoto wa mbwa

Kwenye kichupa utaona herufi kama DHPPi na L. Herufi hizo ni orodha ya magonjwa. D ni distempa, inayoanza na makamasi, tongotongo na kikohozi na kuishia katika kutetemeka na degedege. H ni homa ya ini ya mbwa. P ni parvo, inayoleta kutapika na kuharisha damu yenye harufu isiyosahaulika. Pi ni mojawapo ya virusi vya kikohozi. L ni leptospira, bakteria wanaosambazwa na mkojo wa panya katika maji na matope, ambao pia humpata binadamu. Watanzania waliujua ugonjwa huo kwa jina la homa ya mgunda ulipozuka mkoani Lindi mwaka 2022.

Ratiba yenyewe ni hii. Sindano ya kwanza ya mchanganyiko hutolewa mtoto akiwa na wiki sita hadi nane. Hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne, na sindano ya mwisho ya mfululizo huo ni lazima itolewe akiwa ametimiza wiki 16 au zaidi. Kwa mfano, aliyechanjwa wiki ya nane atarudi wiki ya 12 na wiki ya 16. Sehemu ya leptospira huhitaji sindano mbili zinazopishana kwa wiki mbili hadi nne, nazo huweza kuingizwa katika ziara hizohizo.

Watu huuliza kwa nini sindano ni tatu ilhali dawa ni ileile, na wengine hushuku kwamba daktari anatafuta fedha. Jibu liko katika dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama. Mtoto anayenyonya dang'a saa chache baada ya kuzaliwa hupokea kingamwili za mama yake, na hizo humlinda wiki za mwanzo. Lakini kingamwili hizohizo haziwezi kutofautisha kirusi cha ugonjwa na kirusi kilichodhoofishwa kilichomo katika chanjo. Hukishambulia na kukimaliza kabla mwili wa mtoto haujajifunza chochote. Kinga ya mama huisha polepole, kwa baadhi ya watoto wiki ya nane, kwa wengine wiki ya 12, na kwa wachache hata baadaye, na watoto wa uzao mmoja wanaweza kutofautiana. Kwa kuwa hakuna anayeweza kuiona siku hiyo kwa macho, tunachanja mara kadhaa ili mojawapo ya sindano impate mtoto akiwa tayari. Ndiyo maana sindano ya wiki ya 16 ina uzito kuliko zote, na ndiyo hiyohiyo ambayo wafugaji wengi huiacha, kwa sababu mbwa anaonekana mzima na kadi tayari ina mihuri miwili.

Katika kipindi hiki mtoto asitembezwe barabarani, sokoni wala mnadani Msalato, na asiruhusiwe kunusa kinyesi cha mbwa wengine. Kirusi cha parvo hudumu ardhini kwa miezi mingi, na sabuni ya kawaida haikiui. Ikiwa nyumbani kwako alikufa mbwa kwa parvo, osha sakafu na vyombo kwa sabuni kwanza, kisha mimina maji ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, sehemu moja kwa sehemu 30 za maji, uyaache yakae dakika kumi. Uwanja wa mchanga hausafishiki kwa njia hiyo, hivyo mlete mbwa mwingine akiwa amekwisha kukamilisha chanjo zake. Hata hivyo, usimfungie mtoto chumbani miezi miwili asione mtu, kwani atakua mwoga na mkali. Mpakate umpeleke kwa jirani mwenye mbwa waliochanjwa.

Hatua ya nne: Kichaa cha mbwa

Kama fedha zinatosha chanjo moja tu, ni hii. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba, kwa mnyama wala kwa binadamu, na karibu visa vyote vya binadamu duniani hutokana na kung'atwa na mbwa. Mashirika ya kimataifa ya afya ya binadamu na wanyama yamejiwekea lengo la kumaliza vifo vya binadamu vitokanavyo na mbwa ifikapo mwaka 2030, na njia iliyothibitika ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wote wa eneo, si wa matajiri pekee.

Sindano ya kwanza hutolewa mnyama akiwa na umri wa wiki 12, hurudiwa baada ya mwaka mmoja, kisha kila mwaka. Zipo chanjo ambazo lebo yake inaruhusu miaka mitatu, lakini kwa mazingira yetu nashauri kila mwaka, hasa kwa mbwa wa kuchungia ambao hukutana na mbweha na fisi porini na ambao wengi wao huzurura bila kamba. Kinga hutarajiwa kukomaa wiki tatu hadi nne baada ya sindano ya kwanza. Mbwa aliyechanjwa jana si mbwa aliyekingwa leo.

Swali moja hujitokeza kila kampeni: mtoto wa wiki saba apelekwe au aachwe nyumbani? Apelekwe. Katika chanjo za halaiki inashauriwa kuwachanja mbwa wa umri wote, kwa sababu gari la chanjo likishaondoka kijijini huenda lisirudi hadi mwakani, na watoto wadogo huweza kujenga kinga. Muhimu ni kuandika tarehe na kumchanja tena atakapofikisha miezi mitatu, endapo chanjo itapatikana. Mara nyingi kampeni hufanyika karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ambayo ni kumbukumbu ya kifo cha Louis Pasteur mwaka 1895.

Kwa majirani wanaoishi karibu karibu upo ujanja halali wa kupunguza gharama. Chanjo ya kichaa hupatikana katika vichupa vya dozi moja na vya dozi kumi, na kichupa kikubwa kikishatobolewa ni lazima kimalizwe siku hiyohiyo. Kusanyeni mbwa na paka kumi wa mtaa, mwiteni daktari mara moja, mgawane nauli yake.

Hatua ya tano: Paka naye ni mgonjwa mtarajiwa

Paka hufugwa kwetu kama mlinzi wa ghala la mahindi na mtama, kwa hiyo husahaulika. Anapaswa kupata chanjo ya kichaa kwa umri na marudio yaleyale ya mbwa, kwa kuwa anang'ata, anapigana usiku, na hulala na watoto. Pamoja nayo ipo chanjo ya mchanganyiko yenye kinga tatu: panleukopenia, ambayo ni ndugu wa karibu wa parvo ya mbwa, na virusi viwili vya mafua ya paka, herpesi na kalisi. Ratiba yake ni ile ya wiki sita hadi nane, marudio kila wiki mbili hadi nne, na ya mwisho wiki ya 16 au zaidi.

Chanjo hii haiwekwi akibani katika kila duka la dawa za mifugo. Piga simu wiki mbili kabla, uulize, na uagize. Usikubali kabisa kuchomewa paka chanjo ya mchanganyiko ya mbwa eti kwa sababu ndiyo iliyopo. Siku ya safari mfunge ndani ya kikapu chenye kifuniko au boksi lililotobolewa matundu, ukitandika kanga anayoijua kwa harufu. Paka aliyepakatwa mikononi juu ya bodaboda hutoroka kabla ya taa za barabarani za kwanza.

Hatua ya sita: Siku ya sindano

Chanjo ni kitu chepesi kuharibika. Inatakiwa kukaa kati ya nyuzijoto 2 na 8 tangu kiwandani hadi kwenye bomba la sindano, bila kugandishwa na bila kupigwa na jua. Oktoba na Novemba, joto la Dodoma linapopanda na umeme ukakatika mchana, hilo si jambo la kudhani. Tazama kichupa kinatoka wapi: kikitoka kwenye friji au kwenye kisanduku chenye barafu, vema, kikitoka mfukoni au kwenye droo, ondoka. Watafiti walionyesha kwamba aina moja ya chanjo ya kichaa hubaki na nguvu miezi mitatu katika nyuzijoto 30, na hilo limesaidia sana vijiji visivyo na umeme, lakini uvumilivu huo si wa chanjo za virusi hai kama mchanganyiko wa parvo na distempa. Hizo huja kama unga mkavu na maji yake, huchanganywa mbele yako na kudungwa papo hapo. Mwombe daktari akuonyeshe tarehe ya mwisho wa matumizi; aliye mkweli hakasiriki.

Nenda asubuhi. Mnyama awe anakula, hana homa, haharishi. Mbwa mkali afungwe mdomo kwa kitambaa kabla hajafika mezani, kazi ifanywe na mtu anayemjua, na mtoto wa mbwa asiwekwe sakafuni kliniki, kwa kuwa hapo ndipo wagonjwa wa parvo wanapopita.

Baada ya sindano kaa hapo kwa nusu saa. Uchovu, kupungua hamu ya kula na uvimbe mdogo mahali pa sindano huisha ndani ya siku moja hadi mbili. Kuvimba uso, kutapika mfululizo, kuhema kwa shida au kuanguka ni dharura, na kwa kawaida hutokea mapema, ungali karibu na daktari. Kwa paka angalia jambo moja zaidi: kinundu mahali pa sindano kinachodumu zaidi ya miezi mitatu, au kinachozidi sentimita mbili, au kinachoendelea kukua mwezi mmoja baada ya chanjo, kipelekwe kikachunguzwe, kwa sababu mara chache sana huwa ni saratani.

Hatua ya saba: Mwaka wa kwanza na miaka inayofuata

Mbwa na paka wapate sindano ya nyongeza ya mchanganyiko wakiwa na miezi sita hadi mwaka mmoja. Sindano hii huwakamata wale wachache ambao hata wiki ya 16 kinga ya mama ilikuwa bado inawazuia. Tangu hapo magonjwa hayaendi pamoja tena. Miongozo ya kimataifa ya madaktari wa wanyama wadogo husema distempa, homa ya ini na parvo hazihitaji kurudiwa mara nyingi zaidi ya kila miaka mitatu, vivyo hivyo panleukopenia ya paka. Leptospira kinga yake ni fupi na hurudiwa kila mwaka. Mafua ya paka hurudiwa kila mwaka kwa paka anayezurura au kuchanganyika na wengine. Ukiambiwa kila kitu kirudiwe kila mwaka, uliza kwa adabu lebo inasemaje. Pengine kliniki ina kichupa cha mchanganyiko pekee, na hapo uamuzi ni wako.

Kwa kuwa Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, mimi huwachanja wangu wote wiki ya mwisho ya Septemba. Kichaa kinaangukia kwenye kampeni, na kinga ya leptospira inakuwa mpya wakati madimbwi na matope yanapoanza. Tarehe moja kwa wanyama wote haisahauliki kirahisi.

Uzee si sababu ya kuacha. Mbwa wa miaka kumi hushikwa na kichaa kama yeyote, ila daktari ampime kwanza moyo na figo. Ukichelewa nyongeza ya kichaa, mchanje mara uikumbukapo na uhesabu mwaka upya. Leptospira ikipitwa kwa miezi kadhaa, huanzwa tena kwa sindano mbili. Mbwa mkubwa asiyejulikana historia hupewa kichaa siku ya kwanza pamoja na mchanganyiko, na mchanganyiko hurudiwa baada ya wiki mbili hadi nne. Jike mwenye mimba asipewe chanjo za virusi hai. Mchanje kabla ya kupandishwa, naye atawapa watoto dang'a yenye kinga nyingi.

Faida haiishii uani kwako. Mwaka 1994 distempa iliua takribani theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijiji vya pembezoni ndio walioshukiwa kuwa chanzo. Wafugaji wa Kondoa wanaopakana na pori la Swagaswaga walizingatie hilo.

Hatua ya nane: Kung'ata na kung'atwa

Mtu aking'atwa, au akikwaruzwa na paka, aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, bila kupaka pilipili, mafuta ya taa wala majivu, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo ya binadamu. Asisubiri kuona mnyama atafanya nini. Mbwa au paka aliyeng'ata, akiwa hai na anaweza kufungiwa salama, aangaliwe kwa siku kumi. Akibaki mzima siku zote hizo, hakuwa na kichaa katika mate yake wakati wa kung'ata, na daktari wa hospitali anaweza kusitisha sindano zilizobaki. Akilazimika kuuawa asipigwe kichwani, kwa sababu kipimo hufanywa kwenye ubongo.

Mbwa wako aliyechanjwa aking'atwa na mnyama anayeshukiwa, apate nyongeza mara moja na atengwe chini ya uangalizi. Asiye na chanjo ni suala la kumwita afisa mifugo saa hiyohiyo.

Hatua ya tisa: Anapohama au kugawiwa

Mnyama anayesafirishwa kwenda mkoa mwingine abebe kadi yake na kibali cha usafirishaji kutoka kwa mamlaka ya mifugo. Wanaokwenda nchi za Umoja wa Ulaya waanze angalau miezi mitano kabla: mnyama huwekwa chipu ya utambulisho chini ya ngozi kwanza, kisha chanjo ya kichaa, baada ya siku 30 damu hupimwa katika maabara inayotambuliwa, na kingamwili zikifika uniti 0.5 (IU) kwa mililita hungojwa miezi mitatu tangu siku ya kutolewa damu. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi.

Watoto wa mbwa au paka wasigawiwe kabla ya wiki nane. Kila mmoja aondoke na kadi yake, si nakala ya kadi ya mama, ikiwa na lebo ya sindano aliyopata, na nyuma yake iandikwe kwa kalamu namba ya daktari na tarehe ya sindano inayofuata. Mpokeaji aisome tarehe hiyo kwa sauti mbele yako kabla hujamkabidhi mnyama.